Jumatatu Baada ya Harusi

Riwaya za mapenzi za Kikristo zina hadithi moja ambayo msomaji huijua kabla hajafungua kitabu. Binti wa mjini, msomi na mcha Mungu, anapanda treni kwenda kufundisha mbali nyikani, mahali ambapo shule ni chumba kimoja cha mbao na baridi hupenya kila ufa. Huko anakutana na kijana shupavu, mkimya, mwenye moyo safi. Mkanada Janette Oke aliisimulia kwa ustadi mwaka 1983 katika When Calls the Heart, ambamo Elizabeth, mwalimu wa kutoka Toronto, anampenda Wynn, askari wa kikosi cha wapanda farasi cha magharibi ya Kanada.

Sizibezi hadithi hizi. Zinamwambia msichana kwamba uchaji Mungu wake hautamfukuzia wachumba, na zinamwambia mvulana kwamba upole haumpunguzii uanaume. Ni mambo mawili ambayo mahubiri yetu mengi hayajafaulu kuyasema vizuri. Lawama yangu kwazo ni moja tu: nyingi hutia nanga kwenye harusi. Pete ikishavikwa, hatuambiwi wale watoto wa kile chumba cha mbao wamebaki na nani.

Hata maisha ya kweli ya enzi hizo yalikwenda hivyo hivyo. Laura Ingalls Wilder, aliyeandika vitabu maarufu kuhusu utoto wake kwenye mbuga za Marekani, alianza kufundisha huko Dakota kabla hajatimiza miaka 17. Shule ilikuwa karibu kilomita 20 kutoka kwao, na nyumba aliyokaa haikuwa na amani. Kijana Almanzo Wilder alimfuata kila Ijumaa kwa gari la kukokotwa na farasi juu ya theluji ili akalale kwa wazazi wake, kisha akamrudisha kwa wakati darasani. Laura alimwambia wazi asitarajie kulipwa kwa uchumba. Almanzo akaendelea kuja. Walioana Agosti 1885, na hapo ndipo kazi ya ualimu ya Laura ilipoishia.

Nimeitafakari habari hii kwa sababu sisi wa Busia na Malaba tuna walimu wetu wa mpakani, kati ya Kenya na Uganda. Mabinti wengi wametoka vyuoni juzi, wakaletwa shule za sekondari ya chini tangu madarasa hayo yaanze mwaka 2023. Baadhi yao waliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja, posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na Mei 2024 wakagoma kudai ajira ya kudumu. Mpwa wangu mmoja yumo katika kundi hilo. Anafundisha Teso Kaskazini, hesabu na sayansi, na sitamtaja yeye wala shule yake.

Mpaka wetu hauna ule ukiwa wa vitabuni. Malori yanaunguruma usiku kucha, boda boda hazilali, na mwalimu mgeni hajamaliza kutandika kitanda kabla majirani hawajajua kama ameolewa. Wala nchi hii haikuwahi kuwa tupu ikisubiri wageni, kama ambavyo hata mbuga za Dakota zilikuwa na wenyewe. Waingereza walipouhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda mwaka 1902 na kuutia upande unaoitwa Kenya leo, Wasamia na Wateso walijikuta wana ndugu ng'ambo. Mpaka leo wanaoana, wanazikana na kusomesheana watoto bila kuona kwamba wametoka nje ya nchi.

Darasa la mpwa wangu ndivyo lilivyo. Siku moja aliuliza: trei tatu za mayai zilizonunuliwa Uganda zitagharimu shilingi ngapi za Kenya? Kabla hajamaliza kuandika swali ubaoni, mvulana wa nyuma alikuwa na jibu, kwa bei ya asubuhi ile. Mamaye huvusha mayai, na shilingi moja yetu kuwa karibu thelathini za kule ni jambo alilolijua kabla ya kujua kusoma. Mvulana huyo huyo hukwama kwenye sehemu za desimali, kwa kuwa sokoni hakuna anayezihitaji. Yupo pia msichana anayelala kwa bibi yake upande wa Uganda, ambaye huvuka kila alfajiri akiwa na sare za shule.

"Mjomba," mpwa wangu aliniambia, "mimi siku hizi sihitaji rejista. Nikisikia foleni ya malori imerefuka, najua darasa limepungua."

Foleni ikirefuka, madereva hukaa siku mbili tatu wakihitaji chai na chapati, na mama mwenye kibanda anahitaji mikono ya kumsaidia. Ujuzi kama huo haufundishwi chuoni. Mwalimu huupata kwa kukaa, na akiondoka huondoka nao. Anayemrithi ataandika tu "hayupo" na kufunga kitabu.

Sasa ameingia kijana. Ni wakala wa forodha, mwanakwaya, mwenye adabu. Alikuja kuniona kabla ya kwenda kwa wazazi, na alipotulia akasema, "Mjomba, nisaidie kumshauri Mwalimu aache ile kazi. Posho yenyewe haifiki popote. Mimi nitamtunza."

Nia yake ni njema, na hapo ndipo penye hatari. Nilimjibu kwa kumsimulia habari za Almanzo: zile Ijumaa zote, na hasa safari za kumrudisha. Kumfuata mpenzi ni rahisi, kila mtu hufanya hivyo. Kumrudisha kwenye wajibu wake, kwa wakati, bila kununa, ndiko kunakoonyesha mtu anapenda nini ndani ya mwenzake.

Tusimlaumu kijana peke yake. Mwaka 2018 Tume ya Huduma kwa Walimu ilianza kuwapeleka walimu mbali na makwao, na kabla sera hiyo haijalegezwa, ndoa nyingi zilijifunza kuishi kwa simu na nauli. Wengine walilazimika kuchagua kati ya mume na darasa. Kanisa nalo hutangaza ndoa Jumapili tatu, likiuliza kama kuna pingamizi. Wazee kwenye mahari hujadili ng'ombe mpaka jua linazama. Sijasikia kanisani wala kwenye kikao mtu akiuliza kuhusu shule.

Kwa kikao cha mpwa wangu nitauliza mimi. Ng'ombe wakishahesabiwa, nitamwomba bwana harusi atwambie mkewe atafundisha wapi, nani atapika siku za mitihani, na kama uhamisho ukija ni nani atakayemfuata mwenzake. Wazee watacheka, nawajua. Lakini wajomba tuna haki ya kusikilizwa siku hiyo, na mahari haipokelewi mpaka turidhike.

Mabinti, nanyi msione haya kuyauliza mapema, uchumba ukiwa bado mbichi. Atakayeudhika kwa sababu mnaipenda kazi yenu amewapunguzia safari. Atakayevuta kiti na kuanza kupanga nanyi, huyo msimwache aende ng'ambo.