Baridi Isiyo na Shahidi

Chumvi ya Ivuna haihitaji mlinzi. Samaki wa Ziwa Rukwa akishatiwa chumvi na kukaushwa, mwenye samaki aweza kwenda kulala. Akioza, pua itasema. Baridi haiko hivyo.

Niliwahi kutunza jokofu la mafuta ya taa katika zahanati moja ya bonde hilo. Ni ndugu wa yale majokofu ya gesi ambayo watalii huwa nayo katika magari yao ya kulala. Halina mota. Moto mdogo huchemsha amonia iliyochanganyika na maji. Mvuke wake hupoa na kuwa kimiminika, kisha hugeuka mvuke tena na kuchukua joto la ndani. Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, walilibuni mwaka 1922. Mtunzaji hupewa kazi ndogo tu: lisimame sawasawa, kwani likiinama mzunguko hukwama, utambi ukatwe, tangi lijazwe, na joto lisomwe asubuhi na jioni, liwe kati ya nyuzi 2 na 8.

Alfajiri moja nilikuta moto umezimika. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 14, na kwa saa ngapi sikujua. Nje akina mama walikwisha fika na watoto kwa chanjo ya surua.

Ningeandika 6, nani angejua? Chanjo iliyoharibika na iliyo nzima hufanana, na siku zile vichupa havikuwa na alama ya kubadilika rangi kwa joto. Niliandika 14, nikawaambia warudi wiki ijayo. Mama mmoja alishika kichupa, akaniuliza, "Daktari, mbona bado cha baridi?" Katika joto la Rukwa, nyuzi 14 ni baridi kweli.

Kwa muda mrefu nilijisifu kwa ukweli ule. Siku hizi nauona ulichelewa. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimechoka, sikuangalia tangi. Ukweli uliotakiwa kwangu ulikuwa wa jioni ile, mbele ya tangi, pasipo shahidi. Ule wa asubuhi gharama yake waliilipa wengine, kwa miguu, watoto mgongoni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba mara nyingi mwenye kuacha ufa ni mmoja, na wajenzi wa ukuta ni wengine.