Kijana wa Kaisho, Anza na Waya Ulio Mkononi

Pita Kaisho, kwetu wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, msimu wa maombi ya vyuo na mikopo, uingie steshenari yoyote yenye kompyuta inayowaka. Foleni imetoka hadi barazani. Nyuma ya mashine kakaa kijana mmoja, na kazi anazozifanya zingetosha ofisi nzima. Huyu anamjazia maombi ya mkopo wa HESLB, yule anamskania cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, mwalimu kasahau nywila naye anasaidiwa kuirudisha. Miezi michache nyuma alikuwa akiwabadilishia wadogo zake tahasusi kwenye mfumo wa Selform. Printa ikigoma anaifungua, anavuta karatasi iliyonasa kwenye rola, anaifunga, mambo yanaendelea. Mtandao ukikata anahamia laini nyingine bila hata kuinua kichwa. Jioni ukimuuliza anajishughulisha na nini, atakujibu: "Nipo tu, kaka. Nasikilizia chuo."

Mdogo wangu, huko si kuwepo tu. Unahudumia watumiaji, unatatua hitilafu, unatunza nyaraka za watu, na unaendesha mifumo ya Serikali ambayo hata waliomaliza chuo kikuu wanakuja kukuomba uwafungulie. Mjini kazi hiyo ina cheo na ina mshahara. Wewe unaifanya kwa mia tano mia tano, na ukiandika wasifu wako unaweka pale kwenye uzoefu: "Sina."

Tumelelewa na mpangilio mmoja: shule, kisha shahada, kisha ajira, na uzoefu utakuja wenyewe ukishaajiriwa. Kwa udaktari sawa, hakuna atakayekuruhusu ujifunze upasuaji barazani. Kwenye TEHAMA mpangilio huo unapinduka, na kwa mtu aliye Kaisho, mbali na Dar es Salaam na mbali na Dodoma, kuupindua ndiyo nafuu yake kubwa. Uzoefu uanze leo, hapo ulipo. Karatasi utainunua ukishajua ni mlango gani unataka kupita na mwenye mlango anadai karatasi ipi.

Lakini mtu asikudanganye kwamba shahada imekufa. Siku hizi kila ukifungua simu kuna jamaa mwenye maikrofoni anakuambia uache chuo, vyeti vya mtandaoni vinatosha. Mara nyingi anaizungumzia Marekani, na kwao hajakosea. Machi 2022 jimbo la Maryland lilifuta sharti la shahada ya miaka minne kwa maelfu ya nafasi za serikali yake, zikiwemo za teknolojia, na kampuni ya IBM ilikuwa imekwisha kushika njia hiyo kabla yao. Maryland si Kyerwa. Ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za Serikali, usome tangazo la Afisa TEHAMA Daraja la II: linataka shahada ya sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari au fani inayolingana, kutoka chuo kinachotambuliwa. Uwe umetengeneza kompyuta za tarafa nzima, uwe na vyeti vya kampuni vya kufunika ukuta, bila shahada hupiti mchujo. Nafasi za wasaidizi huombwa kwa stashahada. Wilaya yetu ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini muundo wa utumishi inaoufuata ni ule ule wa nchi nzima. Kwa hiyo kama ndoto yako ni kukaa makao makuu ya halmashauri ukisimamia mifumo ya mapato, usibishane na tangazo. Shahada utaisoma, hakuna njia ya mkato.

Habari njema ni kwamba si lazima upitie kidato cha sita. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa masomo manne anaweza kuanza ngazi ya 4 ya tuzo za ufundi (NTA), akapanda hadi ngazi ya 6, yaani stashahada, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu. Mwenye stashahada yenye GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba kusomea shahada ya fani yake. Njia hii ni ndefu kidogo, ila kila ngazi inakuacha na karatasi inayojitegemea. Ada ikikata katikati hutarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa familia inayotegemea mgomba na mibuni, mimi naiona ndiyo njia yenye akili kuliko zote, na nashangaa wazazi wengi bado wanaiita ya walioshindwa. Mikopo nayo, tangu mwaka wa masomo 2023/2024, imeanza kufika kwa baadhi ya kozi za stashahada. Soma mwongozo wa mwaka wako uone kama kozi yako imo, usiambiwe na mtu wa kijiweni.

Halafu kuna vyeti vya kampuni. CCNA ya Cisco ndiyo inayotajwa zaidi na watu wa mitandao: mtihani mmoja, dola 300 kabla ya kodi, na cheti kinadumu miaka mitatu. CompTIA A+ ni mitihani miwili, kila mmoja unalipiwa peke yake, nacho ni cha miaka mitatu. Shahada haiozi, hivi vinaoza, visipohuishwa vinakwisha. Vina thamani kubwa mbele ya watoa huduma za intaneti, makampuni ya simu, mabenki na mashirika ya kimataifa, kwa kuwa mwajiri aliye Nairobi au Kampala hakujui wewe wala chuo chako, ila mtihani ule anaujua. Kwa kijana ambaye hajawahi kugusa rauta, dola 300 ni hasara iliyopangwa. Anza na vya bure. Cisco inaendesha chuo chake cha mtandaoni tangu 1997, kina kozi zisizolipiwa, na programu yao ya Packet Tracer inakupa maabara nzima ndani ya kompyuta mpakato ya mtumba. Unajenga ofisi yenye rauta kumi bila kununua hata moja. Mtihani ulipie siku mazoezi yatakapokuwa yanakuchosha kwa wepesi.

Hapa niseme la moyoni kuhusu hela. Kwetu ada inatoka kwenye kahawa. Mwezi mbaya ukifika, mzazi anauza butura: kahawa ingali maua mtini, inakabidhiwa kwa mnunuzi kwa bei ya kutupa, kwa sababu chuo kimesema ada iwe imeingia Ijumaa. Serikali imekuwa ikiipiga vita biashara hiyo, na bado gizani inaendelea. Sasa hela ya namna hiyo, iliyomgharimu baba yako mavuno ya mwaka, wewe uipeleke kwenye chumba cha uchochoroni kinachofundisha kuandika barua kwenye Word kwa miezi mitatu, ukabidhiwe cheti chenye muhuri mwekundu ambacho hakuna mamlaka inayokijua? Kabla senti haijatoka, ingia tovuti ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, uangalie kama chuo kimesajiliwa na kama kozi yenyewe ina ithibati. Ni dakika kumi za bando. Ukiweza, nenda ukaone maabara kwa macho. Chuo cha VETA Kagera kipo Burugo, nje kidogo ya Bukoba, kilijengwa kwa msaada wa China. Mtu hahitaji kuhamia Dar es Salaam ili ajifunze ufundi kwenye vifaa vya kweli. Wakala wa chuo anayekuharakisha ulipe leo eti nafasi zinaisha, mwache aende nazo.

Sasa turudi kwenye mikono. Tafuta kipande cha waya wa mtandao, hata kilichotupwa, ukichune ganda. Utakuta nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili. Zifungue, zinyooshe, zipange kutoka kushoto: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Zikate ncha zilingane, zisukume ndani ya kichwa cha plastiki mpaka uone shaba imegusa mwisho, kisha bana kwa koleo lake. Fanya hivyo upande wa pili. Chomeka kipima waya, utazame taa zikiwaka moja hadi nane. Kama ya nne na ya sita zimepishana, umebadilisha bluu na kijani. Kata, anza upya. Mara ya kwanza utatokwa jasho. Baada ya vichwa ishirini utafanya huku unapiga soga, na siku shule ya jirani itakapotaka kuunganisha chumba chake cha kompyuta, jina lako ndilo litakalotajwa.

Ila kuna swali hapo: kwa nini nyuzi zimesokotwa? Fundi wa mazoea atasema ndivyo zilivyokuja. Aliyesoma atakuambia msokoto unapunguza mwingiliano wa mawimbi kati ya jozi na jozi, ndiyo maana ukiufungua kupita kiasi kichwani mtandao unakuwa wa kusuasua ingawa taa zote zinawaka. Kwenye usaili watakuuliza hilo la kwa nini. Shule inakupa hilo, na anayeingia darasani akiwa ameshabana vichwa mia anayashika maelezo siku ile ile, wakati mwenzake anayakariri kwa ajili ya mtihani.

Kagera si mahali pa kuambiwa kwamba ujuzi mkubwa hutoka mbali. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuru la kuyeyushia chuma kama walivyofanya ujanani. Wazee walikuwa hawajaigusa kazi hiyo kwa miongo mingi, maana chuma cha dukani kilikuwa kimeiua. Walilijenga kwa kumbukumbu. Majaribio ya mwanzo hayakufaulu: elimu ilikuwepo kichwani, mikono imesahau. Wakarekebisha, wakarudia, wakarudia tena, hadi chuma kikatoka, kwa utaalamu wa kupasha hewa joto kwenye mirija ya udongo kabla haijafika motoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 kwenye jarida la Science, na dunia ikashangaa kuona kwamba mababu wa Buhaya walikuwa wakifanya hivyo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hakuna aliyewauliza GPA. Lakini tazama na upande wa pili: wenye uzoefu nao waliharibu mara kadhaa kwa sababu walikuwa wameiacha kazi. Uzoefu wa 2019 ambao hujaugusa tangu hapo usiutangaze kama wa leo.

Na uzoefu usioandikwa haupo. Nunua daftari la kaunta. Kila kazi iandike: tarehe, mahali, tatizo lilikuwa nini, ulijaribu nini kikashindikana, nini kilifanya kazi, nani anaweza kuthibitisha. "Kompyuta ya ofisi ya shule, flashi imeleta virusi, mafaili yamefichwa, nimeyarudisha, nimeweka kinga." Mistari mitatu inatosha. Baada ya miezi sita utakuwa na kitu ambacho wahitimu wengi wanaoingia kwenye usaili na bahasha ya kaki hawana: visa halisi vya kusimulia. Msailiwa anayesema "nina ujuzi wa kutatua matatizo" anachosha. Anayesema alivyokuta mashine ya risiti ya EFD ya muuza vifaa vya ujenzi haitumi taarifa, na alivyogundua kuwa laini iliyomo ndani ilikuwa imeisha bando, huyo anasikilizwa.

Mahali pa kupatia visa hivyo hapakosekani. Vyama vya ushirika vya kahawa vinaingiza taarifa za wakulima kwenye mifumo ya kidijiti na makatibu wengi wanahangaika. Vituo vya afya vya Serikali vinatumia mfumo wa GoTHOMIS, na ukigoma wagonjwa wanapanga foleni. Murongo ni mpaka, kuna mawakala wa forodha ambao kompyuta ikizima mzigo unalala. Karagwe kuna redio ya jamii ya FADECO, iliyoasisiwa na Joseph Sekiku, na studio yoyote ya redio ina waya, ina mitambo, ina kompyuta. Nenda na barua ya mwenyekiti wa kijiji, jieleze kwa adabu, omba kujitolea siku mbili kwa wiki, na ukubaliane mapema utajitolea mpaka lini. Kujitolea kusiko na mwisho ni kutumikishwa, hata kama mwenye ofisi ni mjomba wako.

Dada zangu, hili nalo ni lenu, na nalisema wazi kwa sababu huko steshenari mnakaa kwenye kuchapa na kaka zenu wanakaa kwenye kufungua mashine. Bisibisi haina jinsia. Mashine ikigoma, usimwite, ifungue wewe.

Jambo jingine halisemwi sana: karatasi kabla ya karatasi. Ajira Portal inadai namba ya NIDA, mkopo unadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na sisi wa mpakani uhakiki wetu unaweza kuchukua muda. Lifuatilie sasa hivi, usingoje dirisha lifunguliwe. Na Kiingereza cha kusoma kifanyie mazoezi kila siku, maana mitihani ile ya kampuni na maelezo ya hitilafu vimeandikwa kwa lugha hiyo; ukurasa mmoja kwa siku, kamusi pembeni.

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na vyuo vingi huanza muhula wa kwanza kuelekea Oktoba. Hapo katikati una miezi ya kutosha kuwa fundi anayeitwa kwa jina. Sekondari iliyo karibu nawe inawezekana kabisa ina chumba cha kompyuta kilichofungwa, mashine sita ndani, nne mbovu, na mwalimu wa fizikia aliyebebeshwa jukumu asilolitaka. Kesho mfuate baada ya vipindi, mpe shikamoo yake, mwonyeshe daftari hata kama lina kisa kimoja tu, na umwombe akuachie hizo nne.