Mwana Hukoma Lini Kuwa Mwana?

Sheria ya bima ya afya aliyoitia saini Rais Obama huko Marekani mwezi Machi 2010 iliamuru kwamba bima iwakubaliyo watoto wa mwajiriwa isiwatoe hadi watimize miaka 26, wawe wameoa au wamehamia nyumba nyingine. Ila mke wa kijana aliyeoa, ajapokuwa hula naye sinia moja, haikulazimu aingizwe, na hapo, nakiri, hushikwa na taajabu. Mafakihi wetu wa Kiislamu waliupima wajibu wa masurufu ya mwana kwa baleghe na uwezo wa kuchuma, wala si kwa kalenda. Naye mama, amsikiapo mwanawe wa miaka 27 akikohoa chumba cha pili, hupapasa gizani akitafuta kandambili zake.