Hesabu Si Bei

Wahenga wetu walituachia maneno mawili yasiyokaa vyema katika kikapu kimoja. La kwanza: undugu ni kufaana, si kufanana. La pili: mali bila daftari hupotea bila habari. Lile latutaka tutoe pasi na kuuliza. Hili latuonya kwamba kilichotolewa pasi na kuandikwa hakina shahidi. Maneno haya hugongana kila ndugu wanapokaa kugawana mzigo, na kishindo chake huwa kikubwa zaidi ndugu hao wanapokuwa ni serikali, na mzigo wenyewe ni gharama ya kumweka askari wa mmoja katika ardhi ya mwenziwe. Je, ni aibu kuhesabiana katika jambo kama hilo, au aibu ni kutohesabiana?

Swali hili si geni kwetu tukaao Maramba. Hapa, chini ya milima ya Usambara Mashariki, ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na vijana wa JKT walikuwa miongoni mwa walioongezwa katika safu za Tanzania wakati wa vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalituvamia Oktoba 1978; Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Lakini askari wetu hawakurudi wote mara moja. Uganda haikuwa na jeshi la kutegemewa, na maelfu yao walibaki huko hadi mwaka 1981. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikaa miaka miwili, na mwenyeji hakuwa na jembe la kumpa, kwani nyumba yake mwenyewe ilikuwa imebomoka.

Nani basi aliyelipa? Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukulipa. Katika mkutano wake wa Monrovia, Julai 1979, wako viongozi waliomlaumu Mwalimu Nyerere kwa kuvuka mpaka. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa dola milioni 500. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ilipotimia mikanda haikulegea. Si haki kuvitwisha vita dhiki yote ile: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na bei ya mafuta ilipaa mwaka 1979. Walakini vita vilikuwa na fungu lao katika foleni za sabuni, sukari na khanga. Uganda ilikuja kumaliza kulipa deni lake la vita mwaka 2007. Deni la serikali kwa serikali lilikuwa na karatasi, likalipika. Mama aliyekosa sabuni ya kumfulia mwanawe hakuwa na karatasi, wala hakuna aliyemwendea na malipo.

Wako watakaosema: na iwe hivyo. Ukianza kumhesabia mwenzio risasi na unga, umemgeuza mkombozi kuwa mamluki. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Ila inachanganya vitu viwili. Bei ni kile ninachokutaka unipe ndipo nije kukuokoa. Hesabu ni kujua nani anabeba nini, baada ya sote kukubali kwamba kuokoa ni wajibu. Anayeuza wokovu ametenda jambo baya. Anayehesabu mzigo anamlinda asiyekuwapo barazani, kwa maana gharama isiyotajwa haitoweki. Huteremka kimya kimya hadi kumfikia mnyonge kuliko wote, na huko hukaa.

Hata hivyo, daftari peke yake si haki. Novemba 1914 Waingereza waliwashusha Tanga askari wapatao 8,000, waliotoka Bombay, kuwapiga Wajerumani, wakashindwa. Januari 1915 askari wa Kihindi walishindwa tena Jasini, huku kwetu mpakani. Gharama zao zilikuwa zimeandikwa vizuri sana: serikali ya Uhindi iendelee kuwalipia matumizi yao ya kawaida, na Uingereza ilipe yaliyozidi kwa sababu ya vita. Ni mgawanyo ulionyooka kama rula. Lakini waliokaa pande zote mbili za meza walikuwa Waingereza. Mkulima wa Kihindi, ambaye kodi yake ndiyo iliyolisha askari wale, hakuulizwa.

Nalo daftari la zama zetu lina dosari nyingine. Majeshi ya Umoja wa Afrika yaliingia Somalia mwaka 2007, Uganda ikitangulia na Burundi ikifuata. Kenya ikajiunga nayo mwaka 2012. Umoja wa Ulaya ukalipa posho, dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi. Hapo mmoja alitoa fedha na mwingine alitoa watu. Mwaka 2016 mtoa fedha alipunguza fungu lake la posho kwa asilimia 20. Nchi zilizopeleka askari zililalamika, na hapo ndipo mizani ilipoonekana ilivyo: aliyetoa fedha aweza kupunguza mwaka ujao, lakini aliyetoa mguu hawezi kupunguza mguu. Desemba 2023 Baraza la Usalama, katika azimio namba 2719, lilikubali kwamba michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa iweze kubeba hadi asilimia 75 ya bajeti ya majeshi ya aina hii. Ujumbe mpya ukaanza Somalia Januari 2025, nao ukaanza kwa uhaba wa fedha. Kukubali ni jambo moja. Kufungua mfuko ni jingine.

Kutokana na hayo naona mambo matatu yanayofanya majadiliano ya namna hii yawe ya haki. Yafanywe mapema, wakati kila upande bado waweza kusema hapana. Yasemwe hadharani, ili atakayelipa kwa kodi yake au kwa njaa yake ajue analipa nini na kwa ajili ya nani. Tena yakiri kwamba katika mzigo ule kimo kitu kisichogawanyika. Ndege, unga na dawa vyagawanyika kwa asilimia, maiti haigawanyiki. Yeye huzikwa mzima katika kijiji kimoja, na waliobaki humlilia peke yao.

Kwa hiyo aliyetoa watu asiketi mezani kama mwombaji mbele ya mwenye mfuko. Fungu lake limekwisha kulipwa, na halina chenji. Mwenye fedha naye asidhani kwamba hundi yake imemaliza deni. Dawa ya deni ni kulipa, ndiyo. Na kwa deni lisilolipika, lililobaki ni kuliandika katika ukurasa wake, na kutothubutu kuufuta.