Nani Alitenda Dhambi? Neno juu ya Konzo na Akili ya Mtu



Siku moja katika mafundisho tulizungumza habari za yule mtu aliyezaliwa kipofu, ambaye wanafunzi walimwuliza Yezu kama upofu wake ulitoka katika dhambi yake mwenyewe au katika dhambi ya wazazi wake. Mzee mmoja aliyeketi nyuma alisimama akasema: «Mwalimu, tumesikia kwamba Bwana alikana yote mawili. Lakini yule alizaliwa vile. Mtoto aliyelala mzima jioni, naye asubuhi hawezi kusimama, je, hakuna mtu aliyemfanyia kitu?» Wote wakanyamaza, maana kila mmoja alijua mzee anamsema mtoto gani, tena mama wa mtoto huyo alikuwa ameketi kati yetu.

Siku ile sikumjibu vizuri. Nalisema maneno mengi juu ya uvumilivu, kisha nikafunga mafundisho kwa sala kabla ya saa yake. Swali la mzee lilistahili jibu lenye nguvu zaidi, maana juu ya swali hilo mwanamke anaweza kufukuzwa kijijini.

Ugonjwa huo waitwa konzo. Jina latoka kwa Wayaka wa Kwango. Kwao ni jina la dawa ya wawindaji, iliyosemekana kulegeza miguu ya mnyama ili asiweze kukimbia. Mnaona basi: hata ndani ya jina lake mna wazo la mtu aliyefungwa na mwingine. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake huko Kwango mwaka 1938. Baadaye ulionekana pia Msumbiji, Tanzania na Afrika ya Kati. Na mwaka 2011 waganga waliandika kwamba umetokea hata Kivu Kusini, katika nchi iliyosumbuliwa na vita. Huwapata hasa watoto waliokwisha kuachishwa ziwa, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huja kwa ghafula. Miguu yote miwili hukakamaa, magoti hugusana, mgonjwa hutembea kwa ncha za vidole, na wengine hawatembei tena kamwe. Wengine hupata taabu ya kusema au ya kuona. Hauambukizi, wala hauzidi siku kwa siku. Lakini ukiisha kuingia hauondoki, na mwenye kuendelea na chakula kile kile aweza kupigwa mara ya pili.

Nimesema chakula. Muhogo mchungu una kitu kiitwacho linamarini. Mzizi ukipondwa au ukilowa, kitu hicho huvunjika na kutoa sumu, nayo ni sianidi. Mama zetu wa zamani walilijua jambo hili bila kulijua jina lake: walitia muhogo majini siku tatu au nne, hata ulainike na kunuka, ndipo walipouanika juani. Sumu ilikwenda zake. Tena mwili wenyewe una njia ya kuizima sumu kidogo iliyobaki. Lakini kwa kazi hiyo huhitaji salfa, ambayo twaipata katika samaki, nyama na mayai, na kidogo katika maharagwe. Anayekula ugali wa muhogo kwa sombe tu, mwezi baada ya mwezi, na muhogo wenyewe umekaa majini usiku mmoja, huyo huingiza sumu wala hana cha kuizimia.

Sasa sikilizeni jinsi sumu hiyo inavyofika katika ubongo. Ubongo ni sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mtu mzima, lakini hutumia sehemu 20 hivi katika 100 za oksijeni yote, yaani ile hewa ya uzima tunayoivuta. Ni jiko lisilozimwa usiku wala mchana, na jiko hutoa cheche. Mwajua jembe lililoachwa nje wakati wa mvua: hewa ile ile inayotuhuisha sisi hula chuma chake. Ndani ya ubongo pia oksijeni, isipotumiwa sawasawa, huzaa chembe kali zinazotafuna mishipa ya fahamu kama kutu itafunavyo jembe. Mungu ameweka walinzi wa kuzizima chembe hizo. Mmoja wa wakubwa wao aitwa glutationi, naye hufanywa kwa salfa ile ile niliyoitaja. Basi sianidi hudhuru mara mbili: huziba njia ya kutumia oksijeni, tena huila salfa ya walinzi. Kutu ya namna hiyo waganga wameiona pia katika ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka unaowapata wazee wengi, katika usahaulifu wa uzeeni, na hata katika magonjwa mengine yanayovuruga mawazo au kuleta huzuni nzito. Hawasemi kwamba kutu peke yake ndiyo iletayo hayo yote; lakini imo.

Tena jambo lenyewe haliishii miguuni. Mwaka 2013 Daktari Désiré Tshala-Katumbay, Mkongo mwenzetu, pamoja na Michael Boivin na wenzao, walitangaza habari za watoto waliowapima huko Kahemba. Watoto wenye konzo walikuwa na upungufu wa kukumbuka na kujifunza. Na hata watoto wanaotembea vizuri, waliokula katika vijiji vile vile, walikuwa nyuma ya watoto wa mahali pasipo na konzo. Mwaka 2014 wakaonyesha kwamba alama za ile kutu, zilizopimwa katika damu ya watoto, zilifuatana na upungufu huo.

Nilipoyasoma hayo niliona aibu. Katika darasa la pili nalikuwa na mtoto mmoja asiyeweza kushika hesabu hata zile nyepesi. Leo ameelewa, kesho amesahau. Nalimwita mvivu mbele ya wenzake, na zaidi ya mara moja nalimchapa fimbo. Siwezi kusema kwamba akili yake ilidhuriwa na sumu, maana hakuna aliyempima. Lakini nalimhukumu kama mtu mwenye hakika, nami hakika hiyo sikuwa nayo. Jamaa yake walihama kabla sijamwomba msamaha.

Kijana mmoja wa mwaka wa pili, nilipomweleza mambo haya, alileta swali gumu kuliko la mzee. Alisema: «Mwalimu, mwatufundisha kwamba roho si mwili, wala haifi. Mbona basi muhogo waweza kuipunguza akili? Na kama ubongo ndio unaotenda, mimi nikiiba nitasema ni ubongo wangu ulioiba.» Nilimpa mfano wa mpiga ngoma. Ngozi ya ngoma ikilowa mvua, sauti huwa hafifu, ijapokuwa mpigaji ni yule yule na mikono yake haikupoteza ufundi. Hapa duniani roho hutumia ubongo kama mpigaji atumiavyo ngoma. Najua mfano huu ni mfupi, maana mtu aweza kuiweka ngoma chini akaenda zake, lakini roho na mwili ni mtu mmoja. Hata hivyo watosha kutuonyesha kwamba kudhuriwa kwa ubongo si kuharibika kwa mtu. Yeye bado ni sura ya Mungu.

Na juu ya wizi wake nilimjibu hivi. Kanisa halijasema kamwe kwamba kila tendo baya ni dhambi kubwa. Hutaka jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vema, naye akubali kwa moyo. Penye ugonjwa unaopunguza kujua au kukubali, hatia nayo hupungua, na kipimo chake yuko nacho Mungu, sisi hatunacho. Lakini kijana yule alikuja kuniuliza akiwa na akili timamu, ameifikiria hoja yake njiani, tena akicheka. Mwenye kuweza kutafuta udhuru kwa ustadi namna hiyo aweza pia kuziacha kuku za jirani.

Yabaki hatia ya wazazi, na hapa naomba msinisome kwa haraka. Mwaka 1992 watafiti waliandika jinsi barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilivyoleta wanunuzi wengi wa muhogo katika Bandundu. Watu wakafupisha siku za kuutia majini ili wauze upesi, na konzo ikaja. Kwetu hapakuja lami, ilikuja vita. Mtu anayekimbia hana siku nne za kungojea muhogo, wala hana samaki. Mama aliyewapa watoto wake alichokuwa nacho, bila kujua, hakutenda dhambi yoyote. Aliwalisha. Wala jirani yake hakumfunga mtoto kwa dawa. Anayemtaja jirani huyo kuwa mchawi ndiye anayepaswa kupeleka jambo lake kwa Padri, maana ulimi wake umevunja amri ya Mungu, na kwa kosa hilo hana udhuru wa njaa.

Lakini sisi tuliokwisha kusikia, tunajua. Masiku ya majini yarudi kuwa matatu au zaidi. Na kwa unga uliokwisha kusagwa kuna njia nyingine, iliyotengenezwa na Howard Bradbury wa Australia na wenzake, ambayo wanawake wa kijiji cha Kay Kalenge, huko Popokabaka, walifundishwa tangu mwaka 2010, na konzo mpya haikuonekana tena kwao wakati huo. Tia unga katika beseni, weka alama unapofikia. Ongeza maji ukikoroga: unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena, ukifika kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, usizidi unene wa kidole, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hutoka na hewa. Upike siku ile ile.

Wengine mmeniuliza kama mtoto yule atabatizwa, kwa kuwa hashiki sala zote kwa moyo. Atabatizwa. Anajua Mungu ni nani, anajua Yezu alikufa kwa ajili ya nani. Hata mtu asiye na akili ya kujitawala kabisa, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yamhesabu kama mtoto mchanga katika habari ya Ubatizo, wala haimfungii mlango. Yeye hayuko hata katika hali hiyo, anachelewa tu. Nitamfundisha polepole, bila fimbo.

Mzee wetu bado hajakubali. Jumamosi alikuja kwangu akasema kwamba muhogo wa babu zake haukumlemaza mtu yeyote. Nilimwuliza: «Mzee, babu zako waliuacha majini siku ngapi?» Akahesabu kwa vidole. «Nne.» Kisha alikaa kimya kitambo, akaniuliza kama nami nimepata kuona wakwe zake huuacha siku ngapi.