Mmea Unaokula Wadudu na Swali la Mama Mmoja

Kila baada ya masika dimbwi la maji hubaki upande wa chini wa kiwanja cha usharika wetu hapa Horohoro. Mwaka jana wazee tulikaa kuamua kama tulifukie kwa kifusi. Mama mmoja, ambaye mjukuu wake alikuwa ametoka kuugua malaria, alisema, "Dimbwi hili linatuzalia mbu. Mnangoja nini?" Nilikuwa tayari kumuunga mkono. Ndipo mwalimu wetu wa shule ya Jumapili akachota maji kwa kikombe, akatuonyesha mmea unaoelea, usio na mizizi, wenye vifuko vidogo kama kichwa cha pini.

Wataalamu huuita utrikularia. Jamii yake ina aina zaidi ya 200, katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Kila kifuko kina mlango. Kidudu kikigusa vinyweleo vyake, mlango hufunguka na maji hukivuta ndani kwa muda usiofika sehemu ya mia ya sekunde. Humo huyeyushwa. Mmea hufanya hivyo kwa kuwa maji yake hayana rutuba ya kutosha. Lakini mbolea ya mashambani ikiingia kwa wingi, mwani huzidi na kuusonga.

Swali la kwanza lilikuwa la imani. Katika Mwanzo 1:30 wanyama walipewa mimea iwe chakula. Je, mmea unaokula wanyama ni kazi ya shetani? Zaburi 104 inatuambia simba humtafuta Mungu awape chakula, na katika Ayubu 39 Mungu mwenyewe anataja makinda ya tai yanayokunywa damu, wala haombi radhi. Dhambi ni ya yule ajuaye jema asilitende. Mmea haujui, unaishi kama ulivyoumbwa.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Mwalimu alieleza kwamba vifuko hivyo hula hata viluwiluwi vya mbu. Tukafurahi: kumbe una faida, uachwe! Yule mama akauliza, "Unawamaliza?" Mwalimu akakiri kwamba hauwamalizi. Hapo niliona udhaifu wetu. Tukikitunza kiumbe kwa faida yake tu, siku faida itakapokosekana tutakifukia. Na moyo wa namna hiyo hauishii kwenye mimea. Humfikia mzee asiyeweza tena kulima na mtoto asiyeweza kutembea.

Hata hivyo, si haki kuupenda mmea kwa gharama ya mjukuu wa mwenzako. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, naye anayetaka kutunza awe wa kwanza kulipa. Basi tulifukia mashimo yaliyo karibu na nyumba, tukaondoa makopo na matairi yanayotuamisha maji, na fedha iliyobaki ya kifusi tukanunulia vyandarua, cha kwanza kikienda kwa mjukuu yule. Dimbwi likabaki.

Mama hakuridhika kabisa, nami simlaumu. Kila masika naenda kwake kwanza kuuliza hali ya mtoto, ndipo nateremka kuangalia mmea. Nikianza na mmea, nitakuwa nimekosea njia.