Uppsala au Stockholm?

Mpwa akituuliza kutoka Tanga achague Uppsala au Stockholm, tumjibu nini? Vyote ni vyuo vikuu vya serikali, na vyote vina sifa. Uppsala ni kikongwe, tangu 1477. Cha Stockholm kilianza 1878. Lakini tangu vuli ya 2011, Mtanzania anayekuja kwa kibali cha masomo hulipa ada, ilhali watoto wetu, wakaazi wa hapa, husoma bure. Ada hiyo hubebwa na ukoo mzima. Basi tusimsukumie Uppsala ili sisi tujivunie jina. Tutazame kozi kwanza, kisha mfuko. Kozi zikilingana, aje Stockholm, tuliko sisi, tumpe chumba. Na kama chumba hatutoi, tuache kumchagulia.